Kutoka Mchoro hadi Umbo: Street Fighter na Vipimo Vitatu, 1987–2008

1. Swali lenyewe

Historia ya michezo ya video huelezwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya mashine. Mashine mpya hutoa picha bora kuliko ya jana, na mchezo wa zamani hauna budi kuifuata au kutoweka. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayatoshi. Upungufu wake unaonekana bayana katika Street Fighter, mfululizo wa michezo ya mapigano ulioanzishwa mwaka 1987 na kampuni ya Capcom ya Osaka, Japani. Mfululizo huo uliingia katika picha za vipimo vitatu, yaani zenye upana, kimo na kina, kwa hatua mbili: mwaka 1996 na mwaka 2008. Kubadili picha hakukuwa jambo la ajabu, kwani michezo mingi ya wakati ule ilifanya hivyo. Linalostahili kuchunguzwa ni kile ambacho watungaji wake walikataa kukibadili.

2. Sarufi ya mchezo

Msingi uliwekwa na Street Fighter II ya mwaka 1991, kazi ya Akira Nishitani na Akira Yasuda. Mchezaji alichagua mmoja kati ya wapiganaji wanane. Wapiganaji wawili walionekana kwa ubavu, wakitazamana, nao walisogea katika mstari mmoja: mbele au nyuma, wakiinama au kuruka. Mkononi mchezaji alikuwa na kijiti cha kuelekeza pande nane pamoja na vitufe sita, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, kila kimoja na kiasi chake cha nguvu. Hadoken, kombora mashuhuri la Ryu, lilihitaji mpangilio maalumu: kijiti chini, kisha chini-mbele, kisha mbele, ndipo kitufe cha ngumi. Mpangilio ukikosewa, kombora halitoki, kama vile maneno yaliyovurugwa yasivyounda sentensi.

Nyuma ya picha kulikuwa na mfumo mwingine usioonekana. Ili kuamua kama ngumi imefika, kompyuta haikuutazama mchoro. Ilitazama mistatili iliyowekwa juu ya mwili wa kila mpiganaji, na muda ulipimwa kwa sehemu za 1/60 ya sekunde. Hata mapigo ya mfululizo, ambayo baadaye yalikuwa nguzo ya michezo ya aina hii, yalizaliwa humo: watungaji waliyagundua bila kuyakusudia walipokuwa wakiujaribu mchezo, wakayaacha yabaki. Umbali, muda na mpangilio: hiyo ndiyo iliyokuwa sarufi ya Street Fighter.

3. Washindani na swali la kina

Mwaka 1993 kampuni ya Sega ilitoa Virtua Fighter, iliyobuniwa na Yu Suzuki na wenzake. Wapiganaji wake hawakuchorwa picha kwa picha; miili yao iliundwa kwa poligoni, vipande bapa ambavyo kompyuta huviunganisha na kuvigeuza kwa hesabu. Namco ilifuata na Tekken mwaka 1994. Baadaye, katika Virtua Fighter 3 (1996) na Tekken 3 (1997), mpiganaji aliweza kukwepa pigo kwa kupiga hatua kando. Hapo kina kiliacha kuwa pambo la macho, kikawa sehemu ya kanuni.

Kwa Street Fighter, jambo hilo lilikuwa zito. Hadoken ina maana kwa sababu adui hana njia ya kando. Akilizuia kombora, anabaki mbali. Akiruka juu yake, anajiweka hatarini anapotua. Mivutano mingi ya pambano hutokana na uamuzi huo. Adui akiruhusiwa kupita pembeni kwa hatua moja, kombora linapoteza uzito, na ujuzi uliojengwa juu yake unaporomoka.

4. Majibu mawili kwa wakati mmoja

Jibu la kwanza lilikuja mwaka 1996 kwa jina la Street Fighter EX. Capcom haikulitunga yenyewe. Liliundwa na Arika, kampuni ya Nishitani aliyekuwa ameondoka Capcom. Miili ikawa ya poligoni, lakini pambano likabaki katika mstari uleule. Jibu la pili lilitoka Capcom mwaka 1997: Street Fighter III, iliyochorwa yote kwa mkono, kwa wingi wa michoro uliofanya kila nguo na kila msuli usogee kwa ulaini usiowahi kuonekana katika mfululizo huo. Toleo lake la tatu, 3rd Strike, lilitoka mwaka 1999. Kisha, huku kumbi za mashine za sarafu zikizidi kupungua, karibu miaka kumi ilipita bila toleo jipya lenye namba.

5. Mwaka 2008

Street Fighter IV iliingia katika kumbi za Japani mwezi Julai 2008, na majumbani mwezi Februari 2009. Ilisimamiwa na Yoshinori Ono, na Capcom ilishirikiana na kampuni ya Dimps, iliyoongozwa na Takashi Nishiyama, yuleyule aliyeongoza utungaji wa Street Fighter ya kwanza mwaka 1987. Kwa hiyo hatua zote mbili za kuingia katika vipimo vitatu ziliwahusisha watu waliokuwa wameiandika sarufi hiyo tangu mwanzo.

Miili ilikuwa ya vipimo vitatu, ikipambwa kwa wino mfano wa brashi. Pigo kubwa lilipotolewa, jicho la mtazamaji lilizungushwa karibu na wapiganaji, kisha likarudishwa ubavuni. Hatua ya kando haikuwapo.

Ushahidi wa mwendelezo huo ulitolewa na wachezaji wenyewe. Mwaka 2004, katika mashindano ya Evo huko California, Daigo Umehara alikabiliana na Justin Wong katika 3rd Strike, akayapangua mateke ya mfululizo moja baada ya jingine kabla ya kushinda pambano hilo. Mwaka 2009 wawili haohao walikutana katika fainali ya Street Fighter IV, na Umehara akashinda. Upanguaji wa 2004 haukuwapo tena katika kanuni mpya. Kilichohamishika ni ujuzi wa umbali na muda.

6. Hitimisho

Utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, ukihamishiwa katika herufi za Kilatini, haupotezi mizani zake nane wala vina vyake. Unachopoteza ni mkono wa mwandishi: mapindo ya kalamu yake. Street Fighter ilipitia hali kama hiyo. Kanuni zilivuka salama, lakini sanaa ya kuchora kila mwendo kwa mkono haikurudi katika matoleo makuu: toleo la tano (2016) na la sita (2023) yote ni ya vipimo vitatu. Hasara hiyo isifichwe kwa jina la maendeleo. Hata hivyo, mwanahistoria wa michezo hii atakosea akihesabu poligoni tu, kwa kuwa uhai wa mfululizo ulikaa katika kile ambacho jicho halikioni.