Gharama Iliyofichika ya Mashine Kuukuu ya Kutawanya Samadi

Mwaka 1899, huko Maria Stein, Ohio, mwalimu Joseph Oppenheim aliunda mashine iliyotawanya samadi kwa upana uliozidi ule wa gari lenyewe. Inasimuliwa kuwa wanafunzi wake wakubwa walikosa masomo kwa kazi ya samadi. Gharama ya awali, basi, ilikuwa siku za shule. Mkulima wa Marekani aliyenunua mashine kama hiyo ikiwa imekwishatumika alikabili hesabu nyingine. Samadi huozesha mbao za sakafu, na minyororo hushika kutu. Ukikatika mmoja gari likiwa limejaa, shehena yote hupakuliwa kwa uma. Urahisi wa mnadani, kusema kweli, ulikuwa wa jina tu. Mnunuzi makini alikagua sakafu kwanza, akahesabu mbao za kubadilisha, ndipo akataja bei.