Shida Isiyo na Namba

Hebu tuulizane: hii sauti ya "bonyeza moja, bonyeza mbili" inayotuzungusha tukiomba msaada, ilianzia wapi?

Zamani simu ilipitia kwa mtu. Mwaka 1878 Emma Nutt aliajiriwa mjini Boston, Marekani, akawa mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya opereta. Unamtaja unayemtaka, naye anakuunganisha kwa mkono. Lakini mtu naye ana mambo yake. Almon Strowger, mwenye biashara ya mazishi Kansas City, inasimuliwa alishuku eti opereta anawapeleka wateja wake kwa mshindani. Hasira ikazaa mtambo: mwaka 1891 akapata hataza ya mashine ya kuunganisha simu bila opereta, na mwaka 1892 ikaanza kazi La Porte, Indiana.

Mwaka 1963 kampuni za Bell zikaleta simu za vitufe, kila kitufe na mlio wake. Mlio ule ukapita kwenye waya hadi upande wa pili, na baadaye kompyuta ikafundishwa kuutambua. Kumbe mteja anaweza kujibiwa bila mtu kulipwa mshahara!

Hapo mchezo ukageuka. Strowger alimtoa opereta ili mpigaji asidhulumiwe; makampuni yakamtoa mhudumu ili yapunguze gharama. Mtambo haupendelei, kweli, lakini hausikii lisilo kwenye orodha yake. Bibi aliyetuma pesa kwa namba siyo, abonyeze ngapi? Yeye anataka mtu tu, amwambie: "Haloo, pole mama, eleza."