Ufunguo wa Hazina: Sheria ya Fedha za Dharura ya Marekani, Septemba 2001

Katiba ya Marekani haimruhusu mtu yeyote, hata Rais, kutoa fedha katika hazina ya nchi ila kwa sheria iliyopitishwa na Bunge. Kanuni hii ni nyepesi kuishika wakati wa amani. Ugumu wake huonekana siku ya msiba, ambapo serikali hutaka fedha upesi, na mbunge aulizaye maswali huonekana kuwa mtu asiye na huruma.

Mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001 yaliwaua watu karibu 3,000 katika New York, Virginia na Pennsylvania. Rais George W. Bush aliomba dola bilioni 20. Walakini tarehe 13 Maseneta wawili wa New York, Charles Schumer na Hillary Clinton, walimwendea wakaomba kiasi kama hicho kwa ajili ya jimbo lao, naye akakubali. Jumla ikawa bilioni 40. Siku ya pili yake Seneti iliupitisha mswada kwa kura 96, na Baraza la Wawakilishi kwa kura 422. Hapakuwa na kura hata moja ya kupinga.

Asomaye hesabu za kura tu atadhani kwamba Bunge lilikabidhi ufunguo wa hazina. Maneno ya sheria yenyewe yasema vingine. Bilioni 10 za kwanza Rais aliweza kuzitumia mara moja, ila baada ya kushauriana na wakuu wa kamati za fedha wa vyama vyote viwili. Bilioni 10 za pili hazikuweza kuguswa mpaka zipite siku 15 tangu kamati hizo zipelekewe mpango wa matumizi. Bilioni 20 zilizosalia zilikuwa ahadi tu, kwani zilihitaji sheria nyingine. Tena isipungue nusu ya fedha zote iwe ya kuyasaidia majimbo yaliyoshambuliwa, na kila miezi mitatu itolewe taarifa.

Sheria hiyo nyingine haikuja kwa siku tatu. Mwezi wa Desemba Robert Byrd, mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Seneti, alitaka kuongeza bilioni 15. Rais akatishia kuikataa sheria, na nyongeza ikaondolewa. Bilioni 20 ziligawanywa katika sheria ya matumizi ya ulinzi iliyotiwa sahihi tarehe 10 Januari 2002. Ubishi ulionyamazishwa na msiba ulikuwa umeahirishwa tu. (Baada ya balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, sheria yenye fedha za dharura za ulinzi wa balozi ilitiwa sahihi tarehe 21 Oktoba.)

Ajabu iko penginepo. Tarehe ile ile 14 Septemba Bunge lile lile lilipitisha azimio la kumruhusu Rais kutumia majeshi: Seneti kwa kura 98 bila upinzani, Wawakilishi kwa kura 420, akipinga Barbara Lee wa California peke yake. Azimio hilo halikutaja nchi, wala adui kwa jina, wala siku ya mwisho. Rais alizitia sahihi zote mbili tarehe 18 Septemba. Fedha zilifungwa mafundo matatu, na fundo la mwisho lilifunguliwa baada ya miezi minne. Azimio la vita lilikuwa lingali likitumika miaka 20 baadaye.