Fumo, jina lililobaki kwenye utenzi

Ukimpa mtoto wa kiume jina la Fumo leo, utaulizwa umelitoa wapi. Wengi watamkumbuka Fumo Liyongo. Ila jina lake hasa ni Liyongo. Fumo kilikuwa cheo.

Katika Kiswahili cha zamani cha Lamu na Pate, fumo ni mkuki, na pia ni mtawala. Kitenzi bado tunacho: kufuma, yaani kuchoma kwa mkuki au mshale. Masultani wa Pate walilibeba, akina Fumo Madi na Fumo Luti, halafu Fumo Bakari wa Witu. Oktoba 1890, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa huko, Waingereza wakauchoma mji wake. Mapema 1891 akafariki. Mimi nahisi jina lilianza kupotea hapo, maana nani ampe mwanawe cheo kisicho na kiti?

Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akaandika utenzi wa Liyongo, na Fumo likapata pa kuishi. Lakini jamani, humo ndani Fumo anauawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na anayeichoma ni mwanawe wa kumzaa.