Mchoro wa kupimia mvua ya kompyuta

Mchoro wa kwantaili hulinganisha sampuli na mgawanyo wa kinadharia. Wataalamu Martin Wilk na Ram Gnanadesikan waliueleza mwaka wa 1968.

Tuchukue mfano wa Isinya, Kaunti ya Kajiado, ambako mfugaji hutegemea mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Kompyuta yaweza kuigiza misimu 1,000. Viwango vya mvua hupangwa kuanzia kidogo hadi kikubwa, kisha kila kimoja huchorwa wima dhidi ya kile ambacho nadharia, tuseme mgawanyo wa gama, hutarajia katika nafasi iyo hiyo. Vikiafikiana, nukta hufuata mstari ulionyooka.

Wastani waweza kulingana ilhali ncha zimekengeuka. Nukta za mwanzo zikishuka chini ya mstari, ukame ulioigizwa ni mkali kuliko ule wa nadharia. Bwawa lililopimwa kwa nadharia hiyo litakauka mapema. Ukame wa 2009 uliangamiza ng'ombe wengi Kajiado.

Hata hivyo, nukta za ncha huyumba kwa bahati tu, hivyo uigaji hurudiwa mara nyingi. Na mstari kunyooka si ithibati ya mvua halisi: hiyo hupatikana katika rekodi za vipimamvua.