Kilwa na Dhahabu ya Sofala: Miji na Biashara ya Nje

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, wako wanaodhani kuwa utajiri wa nchi hutoka ardhini peke yake. Historia ya mwambao wetu yatufundisha vingine. Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa haikuchimbwa Kilwa. Ilichimbwa nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa bandari ya Sofala, kisha ikaletwa Kilwa kwa majahazi. Basi kwa nini Kilwa ndiyo iliyoneemeka?

Sababu ya kwanza ni pepo. Chombo kilichokuja na kaskazi kutoka Bara Hindi au Bara Arabu kiliweza kufika Kilwa na kurejea na kusi. Kushuka mpaka Sofala kulihitaji msimu mwingine. Hivyo Kilwa ikawa ghala: dhahabu na pembe za ndovu zikingoja, na nguo, shanga na vyombo vya kaure vya China vikishushwa.

Ya pili ni utawala. Masultani walipiga sarafu za shaba kwa majina yao, na moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imepatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Ibn Battuta alimkuta sultani huyu mwaka 1331, akamsifu kwa ukarimu wake uliompa lakabu ya Abul-Mawahib. Akaeleza kuwa watu wake ni wa madhehebu ya Imam Shafi, na kwamba sultani alitenga khumsi ya ngawira na kuitumia katika njia zake za kisheria.

Ya tatu, nayo ndiyo nzito zaidi, ni amana. Mwenye kukabidhi mali yake ivuke bahari huhitaji kadhi, mashahidi na mizani isiyopunja. Waislamu wa Kilwa, Aden na Cambay walitengwa na maji, lakini hukumu za mudharaba, wakala na deni walizifahamu kwa fiqhi moja.

Mwaka 1505 jeshi la Wareno chini ya Francisco de Almeida liliipora Kilwa, na mwaka huohuo wakajenga ngome Sofala. Walidhani kuwa aishikaye bandari ameishika dhahabu. Wafanyabiashara wakageukia Angoche na mto Zambezi, na kufikia mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao ya Kilwa. Waliteka majumba, imani ya watu hawakuiteka.

Kwa hiyo tunawausia maimamu na walimu wetu: mlango wa buyuu usomeshwe misikitini kama unavyosomeshwa mlango wa twahara. Mkulima wa bara huleta mazao yake mjini akitegemea mizani ya mtu asiyemjua. Mizani hiyo ikipunja, bandari haitamfaa kitu, hata ikiwa kubwa namna gani. Suratul Mutaffifin inatutosha kwa onyo.

Wallahu a'lam.