Kitufe Kinachojieleza

Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, Dar es Salaam, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya karne ya 18, yalisema na watu kwa njia mbili. Aliyejua kusoma alipata maandishi ya Kiarabu. Asiyejua herufi hata moja aliona mabakuli ya kaure ya Uchina yaliyopachikwa kwenye nguzo, akatambua kwamba aliyelala hapo alikuwa na mali na hadhi. Vitufe vya kompyuta navyo vina njia hizo mbili, na kwa Mswahili aliyejifunzia kwenye programu za Kiingereza, ile ya macho imembeba zaidi kuliko maneno. Macintosh ya 1984 iligeuza kitufe kuwa cheusi kinapobonyezwa, na kufifisha amri isiyotumika kwa wakati huo. Windows 95 ikaeneza kitufe kilichotuna, kinachodidimia ukikibofya. Kufifia na kudidimia hakukuhitaji mkalimani.

Atakayepinga atataja Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyotolewa 2004. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini ilikuja miaka tisa baada ya Windows 95, na hata hapo yalibadilishwa maneno tu. Kufifia kulibaki vilevile na kukaeleweka. Pingamizi zito zaidi ni kwamba bakuli la kaburini halibadiliki, ilhali kitufe hubadilika kila sekunde. Ni kweli, na hapo ndipo penye uzito wa suala lenyewe. Mwaka 2006 Microsoft ilitoa WPF, mfumo wa kuundia sura za programu, uliotenga kazi ya kitufe na sura yake. Msanifu akaweza kuandika kichocheo: kipanya kikipita juu, rangi ibadilike, kitufe kikizimwa, kififie. Vichocheo viwili vikigombea rangi ileile, kilichoandikwa mwisho hushinda, na kuvipanga sawasawa si kazi nyepesi. Silverlight 2 ya 2008, mfumo mwingine wa Microsoft, kisha WPF 4 ya 2010, zikakusanya hali hizo katika makundi, kila kundi likiruhusu hali moja tu kwa wakati: kutulia, kupitiwa na kipanya, kubonyezwa au kuzimwa.

Uhuru huo wa kubadilisha sura una madhara yake. Msanifu akibadilisha kiolezo chote cha kitufe bila kuziandika upya hali zake, kitufe kitapendeza lakini sura yake haitaitika. Anayesoma Kiingereza atabaki na neno. Aliyetegemea macho atanyimwa yote. Waandishi wa programu wa Dar es Salaam, msikabidhi kazi kabla ya kukikagua kila kitufe katika kila hali yake.